Grafu ya Madam wa Bayolojia

Kutoka mlango wa ofisi ya walimu mpaka mlango wa Fomu Tatu unapita tangi la maji, unapita bendera, unapita mkwaju uliokauka upande mmoja, halafu umefika. Madam wa Bayolojia alikuwa akiumaliza mwendo huo kwa sekunde arobaini na moja. Najua kwa sababu nilipima. Nilipima mwaka mzima, karibu kila siku, na sitajifanya mwema hapa: nilianza kwa ubaya.

Nimwite Madam tu, kama tulivyomwita. Jina lake liko kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani na halitawasaidia. Pale kwetu Garsen kila mtu alimjua kwa koti. Lilikuwa koti jeupe la maabara, na alilivaa hata siku zile jua linapowafukuza mbuzi wakalale chini ya malori. Mfuko wake wa kulia ulikuwa umepasuka chini. Kila alichotia humo kilitokea upande wa pili: chaki, funguo za maabara, siku moja chura mkavu. Chura alidondoka mbele ya mkaguzi aliyekuja kukagua shule. Madam akamwokota, akamwangalia, akamwambia mkaguzi, "Huyu ni wa Fomu Nne."

Alisahihisha kwa kalamu ya kijani. Mwalimu mkuu alimwambia kijani ni rangi yake yeye mkuu peke yake, walimu watumie nyekundu. Madam akamjibu kwamba nyekundu humkumbusha damu, na damu anaifundisha muhula wa pili. Akaendelea na kijani chake. Alikuwa na boksi zima.

Alikuwa na maneno mawili matatu aliyoyarudia mpaka tukayaota. "Usiniambie umeona. Niambie umepima." Hilo la kwanza. Ukimwambia maji ya mto yamepanda, anauliza yamepanda kiasi gani, kutoka wapi. Ukimwambia unaumwa na tumbo, anauliza tangu saa ngapi. La pili lilikuwa langu peke yangu: "Wewe wa dirishani, funga mdomo uvute hewa kwa pua." Hakuwahi kuniita kwa jina, na mimi nililihesabu hilo kuwa mapenzi.

Maana mimi ndiye mchekeshaji wa darasa. Kila darasa lina mmoja, na kwetu ni mimi. Wasichana wengine wanajulikana kwa mwandiko. Mimi ninajulikana kwa kumwiga mwalimu mkuu akipiga chafya.

Madam hakucheka vichekesho vyangu pale pale. Alikuwa anageuka ubaoni, anaandika mstari mzima, halafu ndipo tunaona mabega yanatikisika. Kicheko chake kilichelewa hivyo, na kila mara kilikuja. Ilipofika katikati ya mwaka huu nilikuwa natoa kichekesho, nayatazama yale mabega, nangoja. Hayakutikisika. Nikadhani nimeishiwa, nikaanza kutunga vikali zaidi. Aibu yangu hiyo.

Somo lake la kupumua kwa seli ndilo kila mtu atakalolikumbuka. Alikuja na jiko la makaa kichwani kama mama wa mahindi, akaliweka juu ya meza, akaliwasha, akapika chai, akainywa peke yake huku sisi tunameza mate.

"Ndani ya kila seli yenu kuna majiko kama hili," akasema. "Madogo sana, mengi sana. Yanaitwa mitokondria. Chakula ndiyo makaa. Oksijeni ndiyo hewa ninayoipepea. Joto hili ndiyo nguvu inayowanyanyulia mikono mkaandika barua za mapenzi mkidhani sioni."

Akapepea. Cheche ikaruka, ikatoboa koti. Hakuipangusa. Akakionyesha kile kitundu kwa kidole.

"Hii sasa. Hakuna jiko lisilo na cheche. Oksijeni ileile inayokuweka hai, sehemu yake hugeuka cheche za kuunguza seli. Mwili una vizimio vyake, vinazizima kila dakika. Zikizidi vizimio, jiko linaanza kujiunguza lenyewe. Nguvu inapungua, na cheche zinaongezeka."

Nikanyoosha mkono. "Madam, na mtu mvivu? Jiko lake limenyeshewa?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye akalitazama jiko.

"Wako watu mnawaita wavivu na si wavivu," akasema. "Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Huzuni inakaa haitoki, na mwili nao unakaa haunyanyuki. Watafiti wamepima damu za baadhi ya watu hao, wakakuta dalili za cheche nyingi kuliko kawaida, na majiko yanayowaka kwa shida. Si kwa wote. Na bado wanabishana kipi kilitangulia, huzuni iliharibu jiko au jiko lilileta huzuni."

"Itakuja kwenye mtihani?" akauliza Habiba, ninayekaa naye dawati moja.

"Hapana. Msiandike."

Kengele ikalia, tukatoka. Yeye akabaki na lile jiko. Niliporudi kuchukua sweta nilimkuta bado amesimama pale pale, makaa yameshakuwa majivu, ana upepeo mkononi na hapepei.

Hapo ningeelewa, kama ningekuwa mtu wa kuelewa. Lakini wiki hiyohiyo alikuwa ametufundisha kuchora grafu, na mimi nilikuwa na mipango yangu.

Alitufundisha kwa hamira. Unaitia kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari, unahesabu mapovu kila dakika, unaweka nukta, unaunganisha. Na ukishapata mwelekeo, unaweza kuuendeleza mstari kwa nukta nukta kukisia mapovu yatakavyokuwa baadaye. Habiba ana saa ya mkono aliyoachiwa na kaka yake, yenye mshale wa sekunde. Tulipomaliza hamira nikamwambia, "Tumpime Madam."

Ikawa mchezo. Akitoka tu ofisini, Habiba anaanza kuhesabu. Akigusa kizingiti chetu, anasimamisha. Mimi naweka nukta kwenye karatasi ya grafu niliyoificha ndani ya kitabu cha Kiswahili, na nukta zile za mwanzoni mwa mwaka nilizijaza kwa siku nilizokuwa nimeshampima kwa kuhesabu kichwani, mchezo wangu wa zamani. Darasa zima lilikisia kabla hajafika, na aliyekaribia zaidi alipata mabuyu. Januari sekunde arobaini na moja. Mwezi wa sita ilipita dakika. Mwezi wa tisa alianza kusimama kwenye tangi la maji, mkono juu ya tangi, kama anayelisikiliza, na mabuyu yakawa magumu kushinda kwa sababu hakuna aliyeweza kukisia atasimama kiasi gani.

Nikauendeleza mstari kwa nukta nukta. Ulipanda, ukapanda, ukatoka juu ya karatasi mahali pa Disemba. Hapo nikaandika kwa herufi kubwa: MADAM HAFIKI. Darasa lilicheka mpaka mwenzetu mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati.

Wakubwa nao walikuwa na vipimo vyao. Kwetu mtu akilegea ni malaria. Mto uko pale, mbu wako pale, nani atakubishia? Mwalimu mkuu akamwambia, "Madam, nenda ukapime malaria." Akaenda. Kipimo kikasema hakuna, akapewa dawa hata hivyo, maana dawa ilikuwepo. Baada ya wiki chache akalegea tena, akaenda tena, hakuna, akapewa tena. Mara tatu. Mara ya tatu kwikwi ilimkaa siku nzima na bado akafundisha figo.

Anapangisha chumba kwenye ploti iliyo nyuma ya kwetu, kwa hiyo niliona na mengine. Mama yangu alisema ni jini la mtoni, mtu amepita vibaya kando ya maji mchana wa jua kali. Akamletea maji ya dua kutoka kwa ustadhi. Wiki hiyohiyo mchungaji wa jirani akaja akampaka mafuta. Madam akayanywa maji, akapakwa mafuta, akawashukuru wote. Nikamwambia mama kama ni jini basi sasa limechanganyikiwa dini. Mama akanitupia mwiko.

Huyu alikuwa mtu ambaye hakukubali jibu lisilopimwa. Akayakubali yote hayo bila swali hata moja. Kati ya mambo yake yote yaliyogongana, hili ndilo lililonitisha nilipokuja kulifikiria. Alitukaripia tule asubuhi, na yeye alishinda na chai ya rangi. Alifukuza wachelewaji kwa fagio, naye kila siku akachelewa zaidi. Zamani kila Jumamosi alifua koti na kulianika, na mama alikuwa akisema koti la Madam ndiyo kalenda yetu. Ikapita Jumamosi moja hakuna koti. Ikapita ya pili. Mama wa maziwa, yule Muorma anayempelekea kibuyu mlangoni kila asubuhi, akaanza kukiacha kwetu.

"Nabisha hodi, ndani iko mtu, nasikia," alimwambia mama. "Hafungui. Hii maziwa mara ya nne inaganda."

Halafu Madam akaanza kugawa vitu. Jiko lake alimpa mama wa maziwa. Habiba akapewa thamosi. Nami siku moja, baada ya kipindi, akaniita kwenye meza yake. Akasukuma boksi la kalamu za kijani mpaka upande wangu.

"Chukua."

"Zote, Madam?"

"Zote."

"Mwalimu mkuu atanifunga."

Nilingoja mabega. Akachukua madaftari, akaondoka, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye koti. Nyekundu. Nilirudi dawatini nikitingisha boksi kama kayamba. "Madam anahama," nikatangaza. "Anayetaka godoro apange foleni."

Habiba hakucheka. Kwao ni watu wa ng'ombe, wanakaa nje ya mji kuelekea nyika, na yeye huongea kidogo. Aliivuta ile karatasi ya grafu kutoka kwenye kitabu changu, akaitazama muda mrefu.

"Wewe unajua jioni ng'ombe wakirudi, baba anafanya nini?" akaniuliza.

"Anawahesabu."

"Hapana. Kuhesabu ni ya mtoto. Yeye anaangalia nani wa mbele, nani wa nyuma. Ng'ombe wako na foleni yao, kila siku ileile. Sasa yule wa tatu leo akiwa wa kumi, kesho akiwa wa mwisho, huyo ni mgonjwa. Hata kama anakula. Hata kama hana kidonda. Baba hangoji alale." Akaweka kidole juu ya nukta zangu, akakipandisha nazo mpaka juu. "Sisi nyumbani tukiona hii hatupeani mabuyu."

Nikaacha kutingisha boksi.

"Na hiyo kugawa vitu," akasema, "si kuhama. Anaaga."

Nilikuwa nimekaa na zile sekunde mwaka mzima. Mimi ndiye niliyepima. Shule nzima iliona, mimi nilipima, halafu nikaandika utani juu yake.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, Bayolojia kipindi cha tatu. Habiba akashika saa. Madam hakutoka ofisini. Tukangoja mpaka mshale umezunguka mara kumi, kumi na tano. Darasa likapiga kelele za furaha ya kipindi kitupu. Kiongozi wa darasa akaenda kuuliza, akarudi akasema hajaja, wamesema ni malaria.

Tuliondoka saa nne, wakati wa uji. Geti la shule yetu nalijua udhaifu wake, sitaueleza. Tulikimbia. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kibuyu cha maziwa kiko kizingitini.

"Madam," nikaita. "Ni sisi wa Fomu Tatu."

Nikagonga tena.

"Madam, mimi ni wa dirishani."

Kitanda kikalia. "Rudini shule." Sauti ilitoka chini, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Nikasema kitu pekee kilichonijia: "Madam, tumepima."

Nikaipitisha karatasi chini ya mlango.

Tukasikiliza. Halafu nyayo, polepole, halafu karatasi ikakwaruza sakafu. Habiba alikuwa ananishika mkono mpaka kucha zimeingia.

Komeo likavutwa. Alikuwa na koti juu ya nguo ya kulalia. Nywele hazijasukwa. Nyuma yake chumba kilikuwa kimefagiliwa kabisa, kitupu, kama chumba kinachosubiri mpangaji mwingine. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko kama angekuwa ameketi kwenye takataka.

"Hukuandika vipimo kwenye mhimili wa kusimama," akasema.

"Ni sekunde, Madam."

"Nitajuaje?" Akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Mlicheka?"

"Tulicheka."

"Mbona mmeacha?"

Habiba akamweleza habari ya ng'ombe, kwa sauti ndogo, macho chini kwa sababu ya kumfananisha mwalimu na ng'ombe. Madam alimsikiliza kama alivyokuwa akisikiliza jibu zuri.

"Na huyo wa mwisho mnamfanya nini?"

"Haachwi nyuma peke yake. Anatiwa mbele. Wengine wanafuata mwendo wake."

Kidole cha Madam kilikuwa kinafuata nukta zangu, Januari, Februari, mpaka zilipokwisha, kikaingia kwenye ule mstari wa kukisia.

"Na hii?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ni utabiri, Madam."

"Unaishia wapi?"

"Unatoka nje ya karatasi. Disemba."

Alitazama hapo, kwenye maneno yangu ya kijinga, kwa muda mrefu.

"Umekosea," akasema taratibu. "Umeweka mbali mno."

Nilielewa. Nadhani nilikuwa nimeelewa tangu kalamu. "Madam, unataka kufa?" Liliponitoka, lilitoka hivyo hivyo, bila adabu yoyote.

"Nimechoka," akasema. "Nimewaambia wote nimechoka. Wamenipa vidonge."

Habiba hakungoja. Alikwisha ruka ua kwenda kumwita mama yangu. Mimi nikaketi kizingitini, mguu mmoja ndani, ili mlango usiweze kufungwa. Nzi walikuwa kwenye maziwa. Mama alipofika hakutaja jini. Alimtazama Madam usoni, akaniambia nikamletee leso yake nzuri na simu, akaingia, akaketi kitandani kando yake, akamshika mkono. Mchana huohuo walipanda gari la kwenda hospitali ya Hola, mama na Madam, na ile karatasi ikaenda kwenye pochi ya mama.

Mama alinisimulia baadaye kidogo tu. Daktari aliuliza umechoka tangu lini, na Madam, aliyetufundisha kusema tangu saa ngapi, alishindwa kufungua mdomo. Mama akatoa karatasi. Daktari aliisoma, akaigeuza upande wa pili kuona kama ipo nyingine, akauliza ni nani aliyeandika. Akaagiza vipimo vya damu, akampa dawa ambazo alisema zitachukua wiki kabla hazijaonyesha kitu, na akataka kumwona tena, na tena. Akasema asilale peke yake. Kwa hiyo sasa Madam analala chumbani kwangu na mimi nalala sebuleni, na dawa anazitunza mama.

Sitaki mdhani mambo yamenyooka. Kuna siku hali kitu. Kuna siku anautazama ukuta na mama ananikonyeza nisifanye utani, na kuna siku mama anakonyeza nifanye, na vyote viwili havisaidii. Nilimuuliza kama dawa zinazima cheche. Akasema hajui, na daktari hajui, na mtu anayekwambia anajua muulize amepima nini. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoyasema wiki ile.

Jumatatu iliyopita alikuja shuleni kuleta barua ya likizo ya ugonjwa. Nilimwona dirishani akitoka ofisini. Badala ya kwenda getini akageuka upande wetu. Habiba akabonyeza saa bila kuambiwa. Darasa likanyamaza, na hakuna aliyekisia.

Akasimama kwenye tangi, mkono juu yake. Akakaa hapo mpaka nikaanza kuinuka. Akapita bendera. Akapita mkwaju. Akagusa kizingiti.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Dakika mbili na sekunde sita."

"Ya mwisho ilikuwa?"

"Mbili na nane." Nilitabasamu. "Umepunguza, Madam."

"Sekunde mbili ni kosa la saa." Akatoa ile karatasi mfukoni, mfuko wa kushoto, ule mzima, akaifungua juu ya dawati langu. "Iweke. Usiiunganishe na chochote."

Nikaweka nukta. Ule utabiri nilikuwa nimeufuta kwa raba usiku ule karatasi iliporudi kutoka Hola, pamoja na maneno yake. Lakini nilikuwa nimeukandamiza sana nilipouchora, na mtaro wake bado unaonekana ukiinamisha karatasi. Madam akaiinamisha. Akauona. Nikamwona akiufuata kwa macho mpaka juu, mpaka nje.

Nikasubiri aseme kitu. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe kalamu yangu."

Nikavuta boksi lote kutoka kwenye begi, haraka, likanipasukia mikononi.

"Moja," akasema. "Hizo nyingine kaa nazo kwanza."

Akaichomeka kwenye koti, akageuka, akaanza kurudi. Habiba akabonyeza saa.